Homa ya Usiku Baada ya Kazi ya Chuma

Chuma kikisuguliwa kikang'aa, kisha kikawekwa juu ya makaa bila haraka, hubadilika rangi mbele ya macho. Kwanza huja njano hafifu kama ya majani makavu, jotoridi likiwa limekaribia nyuzi 220 za Selsiasi. Kufikia nyuzi 260 kimekuwa cha kahawia. Karibu na 280 kimegeuka zambarau. Na kati ya 290 na 310 hutokea buluu ya kuvutia ambayo mafundi wa visu, saa na bunduki wameithamini kwa karne nyingi. Moto ukizidi hapo, buluu hufifia ikawa kijivu, na fundi hana budi kuchukua msasa na kuanza upya.

Hakuna rangi yoyote iliyopakwa. Kinachoonekana ni ngozi nyembamba mno ya oksidi, ambayo unene wake ni kama sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Mwanga unaorudi kutoka juu ya ngozi hiyo hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, na katika kukutana huko baadhi ya rangi huzimika na nyingine hubaki. Ndivyo yanavyofanya pia mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi la barabarani.

Kazi ya kutia chuma rangi na kukikinga dhidi ya kutu haifanyiki Kamukunji ya Nairobi au Katwe ya Kampala pekee, wala si ya mafundi waliosomea tu. Mwalimu aliyestaafu hupaka upya geti lake. Dereva wa bodaboda hupuliza rangi ya kustahimili moto kwenye ekzosi. Kijana anayejifunza kutengeneza visu hutumia jiko la mkaa la mama yake. Kazi hizi hufanyika uani, penye watoto, ndoo za maji na sufuria za chakula, na kwa kuwa hazina mwajiri hazikaguliwi na mtu yeyote. Madhara yake hufika zahanati yakiwa na jina jingine, na mara nyingi jina hilo ni malaria.

Jambo la msingi ni kwamba chuma kitupu, kilicho safi, kikipashwa hadi nyuzi 300, hakitoi moshi wa kudhuru kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Kinachodhuru ni kile kilichokuwa juu ya chuma kabla ya moto kuwashwa: zinki, kadimiamu, rangi ya zamani, mafuta, dawa ya kusafishia. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kufanya kazi ileile, kwa jiko lilelile, mmoja akalala salama na mwingine akakesha akitetemeka.

Homa inayoiga malaria

Mabati, mabomba mengi ya maji, nyaya za uzio na bolti nyingi za dukani huwa zimefunikwa kwa zinki ili zisishike kutu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na huchemka kwenye nyuzi 907. Jiko la mkaa linalopulizwa kwa mvukuto au feni hupita nyuzi 1,000 bila shida, na mwali wa gesi ya kuchomelea hupita mbali zaidi. Zinki ikifika hapo hugeuka mvuke, mvuke hukutana na hewa, na palepale hutokea moshi mweupe wenye chembe ndogo sana. Wakati mwingine nyuzi nyeupe huelea hewani mfano wa pamba ya msufi. Fundi akiona pamba hiyo, ajue tayari ameivuta.

Wakati huo hasikii kitu, au husikia koo kukauka na ladha tamu ya chuma mdomoni. Humaliza kazi, huoga, hula chakula cha jioni. Kati ya saa 4 na 10 baada ya kuvuta moshi ndipo baridi kali huanza. Hutetemeka, hupata homa, kichwa huuma, viungo na misuli huuma, kifua hubana kidogo, na kikohozi kikavu humsumbua. Usiku wa manane hutokwa jasho jingi. Kesho yake hujihisi amechoka, na kwa kawaida ndani ya saa 24 hadi 48 dalili zote huwa zimekwisha zenyewe.

Hii ndiyo homa ya moshi wa metali. Katika karne ya 19 daktari wa Kiingereza, Edward Headlam Greenhow, aliichunguza miongoni mwa wafua shaba ya njano, metali inayopatikana kwa kuchanganya shaba nyekundu na zinki, na mwaka 1862 akaandika kwamba chanzo chake ni moshi wa zinki. Jina iliyokuwa nayo wakati huo lina maana kwa msomaji wa Afrika Mashariki: waliita ugonjwa huo kwa neno lilelile walilotumia kwa homa ya vipindi ya mabwawa, yaani malaria. Tangu mwanzo magonjwa haya mawili yalifanana kiasi cha kuazimana jina.

Mwili wenyewe ndio unaotengeneza homa hiyo. Chembe za oksidi ya zinki zikifika ndani kabisa ya mapafu, seli za kinga hutoa kemikali zilezile za kuamsha homa ambazo hutolewa wakati wa maambukizi. Kwa hiyo hata chembe nyeupe za damu huweza kupanda, na anayesoma majibu ya maabara bila kujua habari za moshi hudhani kuna bakteria. Picha ya kifua kwa kawaida huwa haina kasoro.

Kuna tabia moja ya ugonjwa huu ambayo mgonjwa anaweza kuigundua mwenyewe. Mwili huzoea. Anayevuta moshi kila siku hupata homa siku ya kwanza, kisha siku zinazofuata hupata nafuu, ingawa bado anavuta moshi uleule. Akipumzika siku mbili, mazoea hayo hupotea, na siku anayorudi kazini homa hurudi kwa nguvu. Viwandani iliitwa homa ya Jumatatu. Kwa anayefanya kazi ya chuma nyumbani Jumamosi tu, kila wiki ni ya kwanza, na anaweza kuugua kila Jumamosi usiku kwa miezi mingi akiamini kwamba ana malaria sugu.

Swali la Ramazzini na mahali lisipofika

Mwaka 1700 tabibu wa Kiitaliano Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, na humo aliwataka matabibu waongeze swali moja katika maswali waliyozoea kumwuliza mgonjwa: kazi yako ni ipi? Swali hilo limeokoa watu wengi. Hata hivyo, kwa mtu anayefanya kazi ya chuma uani kwake halitoshi, kwa sababu jibu lake la kweli ni kwamba yeye ni mwalimu, mkulima au dereva. Mazungumzo yanayofaa yanaweza kwenda hivi:

"Pole, kaka. Homa ilianza lini?"

"Jana usiku, nesi. Baridi ilinishika mpaka nikaomba blanketi la pili."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyumbani tu."

"Ulikuwa ukifanya shughuli gani hapo nyumbani?"

"Nilikuwa nachoma vyuma vya geti. Nilitaka viwe vyeusi."

Neno "tu" katika jibu la pili ndilo linaloficha ugonjwa. Muuguzi anayeuliza siku ilivyopita, saa kwa saa, atapata asichokipata anayeuliza cheo. Na aliyepata jibu hilo ana maswali mengine mawili ya kuuliza mara moja: vyuma hivyo vilikuwa vya rangi gani kabla ya kuchomwa, na je, mtu mwingine aliyekuwa karibu ameugua?

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Ushauri huo umepunguza dawa zisizo na sababu, lakini umeacha kundi kubwa la watu wenye homa ambao kipimo chao ni hasi, na wengi wao huondoka na antibaiotiki mfukoni. Miongoni mwao wamo waliovuta moshi. Kwa upande mwingine, kipimo chanya hakifuti habari za moshi. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na vipimo vya haraka vinavyotafuta protini ya vimelea huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona malaria. Mwenye kipimo chanya na homa atibiwe malaria kama mwongozo unavyosema, huku habari za moshi zikiandikwa kwenye cheti chake.

Wala moshi usifanywe kisingizio cha kutotafuta magonjwa mengine. Nimonia, dengi, mafua makali na kifua kikuu havimwepuki fundi. Homa ya moshi wa metali ina mipaka iliyo wazi: huanza siku ileile, huisha ndani ya siku mbili, na haishushi oksijeni. Homa inayovuka mipaka hiyo ina maelezo mengine.

Matibabu yake ni mepesi: kupumzika, kunywa maji, na dawa ya kawaida ya kushusha homa. Maziwa hayamo. Imani ya kwamba mchomeleaji au mpaka rangi akinywa maziwa moshi "husafishwa" imeenea sana, na katika baadhi ya karakana maziwa hutolewa badala ya kinga. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, na moshi huenda mapafuni. Ubaya wa imani hiyo ni kwamba aliyekunywa maziwa huona amekwisha kujikinga, akaacha kufungua dirisha.

Bolti za rangi ya dhahabu

Hapa ndipo msomaji anapoombwa asome polepole, kwa kuwa yaliyotangulia yanahusu ugonjwa unaopita, na haya yanahusu ugonjwa unaoua.

Baadhi ya bolti, nati, vibanio na vipuri, hasa vya zamani, vya ndege na vya vyombo vya baharini, vimefunikwa kwa kadimiamu badala ya zinki. Kadimiamu huyeyuka kwenye nyuzi 321 tu na huchemka kwenye nyuzi 767. Linganisha na rangi ya buluu iliyotajwa mwanzoni: anayesaka buluu yuko karibu nyuzi 20 chini ya kiwango ambacho kadimiamu huyeyuka, na kwenye jiko la mkaa hakuna mtu anayeweza kushika nyuzi 20. Akikosea kidogo, metali hiyo inaanza kupanda hewani, na moshi wake unaweza usionekane wala kukera pua.

Katika miaka ya 1960, Daraja la Severn nchini Uingereza likiwa linajengwa, wanaume watano walikuwa wakibomoa jukwaa la vyuma ndani ya mnara mmoja wa daraja hilo. Walikata bolti kwa mwali wa gesi. Bolti hizo zilikuwa zimefunikwa kwa kadimiamu. Wote watano waliugua, na mmoja alifariki dunia siku chache baadaye, mapafu na figo vikiwa vimeharibika. Kisa hicho kiliandikwa katika jarida la tiba za kazini mwaka 1966. Hawakuwa wazembe, walikuwa mafundi wenye uzoefu waliofanya kazi ya kawaida mahali pasipopita hewa.

Saa za mwanzo za sumu ya kadimiamu hufanana na homa ya zinki karibu kwa kila kitu: koo kavu, baridi, homa, maumivu ya misuli. Tofauti hujitokeza baadaye. Mgonjwa wa zinki kesho yake anaendelea vizuri. Mgonjwa wa kadimiamu kesho yake au kesho kutwa anapumua kwa shida zaidi, kikohozi kinaongezeka, kifua kinauma, na mapafu yanaanza kujaa maji. Kati ya saa 24 na 72 anaweza kuwa katika hatari ya kufa. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mapafuni. Kinachosaidia ni oksijeni, uangalizi wa karibu na, inapobidi, mashine ya kupumulia, na hivyo vinapatikana hospitali, si kwenye zahanati ya kijiji. Kwa hiyo muda ndio kila kitu.

Kwa mhudumu wa afya, maana yake ni hii. Mtu aliyevuta moshi wa metali asiyoijua asirudishwe nyumbani kwa neno "itapita" bila kupimwa kiwango cha oksijeni na kusikilizwa kifua. Akiwa mzima saa hiyo, aambiwe bila kuzungusha kwamba akipumua kwa shida ndani ya siku tatu zijazo arudi hata usiku, na ndugu anayelala naye aambiwe vivyo hivyo. Oksijeni ikiwa imeshuka, au mapafu yakitoa mlio wa kukwaruza, apewe rufaa mara moja, na barua ya rufaa itaje kadimiamu kwa jina.

Kwa fundi wa nyumbani, sharti ni jepesi kulikumbuka ingawa linaudhi: bolti yenye rangi ya dhahabu au yenye kumetameta kama upinde wa mvua haiingii motoni. Nyingi kati ya hizo ni za zinki iliyotiwa dawa ya kromiamu, na chache ni za kadimiamu, lakini jicho haliwezi kuzitofautisha. Anayetaka bolti ya buluu anunue bolti nyeusi isiyofunikwa. Bei yake ni ndogo.

Rangi za zamani na mavumbi yake

Kabla ya kupaka rangi mpya, fundi huondoa ya zamani. Wengine huichoma, wengine huisugua kwa msasa mkavu au brashi ya waya. Katika rangi za chuma za miaka iliyopita, hasa zile za rangi ya chungwa zilizopakwa kwanza ili kuzuia kutu, risasi ilikuwa kiungo cha kawaida. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu inayouzwa leo kwa kawaida hupata wekundu wake kwa oksidi ya chuma, ambayo haina sumu ya namna hiyo, lakini geti la miaka thelathini haliwezi kusema lilipakwa nini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza rangi isiwe na risasi inayozidi sehemu 90 kwa milioni, na rangi za kale zilikuwa na risasi nyingi kupita kiwango hicho mara mamia.

Risasi haitoi homa ya usiku. Huja polepole: tumbo kuuma, choo kigumu, uchovu, upungufu wa damu usioelezeka, kichwa, hasira. Kwa mtoto hushusha uwezo wa kujifunza, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Utumbo wa mtoto hunyonya risasi mara nne hadi tano zaidi ya ule wa mtu mzima, na mikono yake haitoki mdomoni. Kwa mjamzito, risasi iliyojificha mifupani kwa miaka huweza kurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Mwaka 2021 Shirika hilo lilitoa mwongozo kwamba mtu yeyote mwenye mikrogramu 5 au zaidi za risasi katika desilita moja ya damu atafutiwe chanzo na kuondolewa kwenye chanzo hicho. Mtoto mwenye upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma, na nyumbani kwao kuna mtu anayesugua rangi, anastahili kufikiriwa hivyo.

Msasa wa maji hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na fundi aoge kabla ya kumbeba mtoto.

Zilizomo ndani ya makopo na chupa

Dawa ya kugeuza chuma cheusi bila moto huuzwa katika chupa ndogo, na humvutia asiyetaka kuhangaika na makaa. Nyingi zina asidi ya seleniamu na chumvi za shaba. Kijiko kimoja tu kikimezwa na mtoto huweza kuunguza koo na tumbo na kusimamisha moyo. Kinachotisha zaidi ni mazoea ya kuhamishia dawa kama hizi, pamoja na asidi ya betri na dawa za kuondoa kutu, kwenye chupa za soda. Mtoto anaijua chupa ya soda tangu kabla hajajua kusoma. Aliyemeza asitapishwe, kwa sababu kinachounguza kikishuka huunguza tena kikipanda. Asuuzwe mdomo na apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Asidi ya kuondolea kutu ikichanganyika na dawa ya kufulia nguo nyeupe hutoa gesi ya klorini, na hutokea mara nyingi pale ndoo moja inapotumika kwa kazi mbili. Baadhi ya dawa za kung'arisha rimu zina asidi ya floridi, ambayo huweza kutoonyesha kidonda kwa saa kadhaa na huku inapenya hadi mfupani. Maumivu makali ya vidole kuliko kinachoonekana ndiyo dalili yake. Vidole vioshwe kwa maji mengi, na tiba yake ni jeli ya kalisi glukoneti.

Dawa za kupuliza za kusafishia breki, zile zenye klorini, zisitumike kwenye chuma kitakachotiwa moto, kwa kuwa mabaki yake yakikutana na joto kali huweza kutoa gesi ya fosijini, na mapafu huweza kujaa maji saa nyingi baada ya mgonjwa kudhani amenusurika.

Ama rangi ya kopo mbili, ile inayochanganywa na kigumishi ili ing'ae kama ya gari, mahali pake si uani. Vigumishi vingi vina isosayaneti, na hizi husababisha pumu kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo. Dalili huweza kuja usiku, saa nyingi baada ya kupuliza. Aliyekwisha kupata pumu hiyo huweza kubanwa na kifua kwa kiasi kidogo mno cha dawa hiyohiyo, hata kwa kupita tu mahali inapopulizwa. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke wowote, na barakoa ya N95 huchuja chembe tu, mvuke hupita. Rangi ya kawaida inayopakwa kwa brashi haipendezi sana, lakini haimfungi mtu kwenye kivuta pumzi maisha yake yote.

Njia isiyo na dawa

Yapo mapambo ya chuma ambayo tabibu hana sababu ya kuyakataza. Chuma kitupu kisichofunikwa kwa kitu chochote huoshwa kwa sabuni hadi mafuta yatoke, hukaushwa, na husuguliwa kwa msasa hadi king'ae chote kwa usawa, kwa maana alama ya kidole huonekana kwenye rangi ya mwisho. Huwekwa juu ya bati zito au mchanga mkavu ulio juu ya makaa, ili joto lipande taratibu, na kazi hufanyika nje, upepo ukitoka mgongoni mwa fundi kuelekea kusikokuwa na watu. Makaa yasiletwe ndani ya chumba hata kama mvua inanyesha. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na mjamzito na mtoto aliye tumboni hudhurika kwanza.

Rangi inayotakiwa ikikaribia, chuma hutolewa kwa koleo kabla haijakamilika, kwa sababu joto lililomo ndani huendelea kufanya kazi kwa muda. Ngozi ya oksidi peke yake haizuii kutu vya kutosha, kwa hiyo chuma kikiwa bado na uvuguvugu hupakwa nta ya nyuki au mafuta ya kula, safu nyembamba, kisha hufutwa.

Anayetaka weusi hupasha chuma zaidi na kukichovya kwenye mafuta. Wengi hutumia oili chafu ya injini kwa kuwa hupatikana bure. Oili hiyo imebeba mabaki ya metali na kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi, na hushika moto kwa joto la chini kuliko mafuta ya alizeti. Mafuta safi ya kula katika chombo kirefu cha chuma, kisichojazwa kupita nusu na chenye kifuniko karibu, hutoa weusi uleule. Yakiwaka, hufunikwa. Maji hayamwagwi kamwe juu ya mafuta yanayowaka.

Aliyeungua awekewe maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20, hata kama zimepita saa mbili tangu aungue. Pete na saa zivuliwe kabla mkono haujavimba. Dawa ya meno, unga, yai na mafuta visipakwe. Jicho lililoingiwa na asidi lioshwe mfululizo kwa dakika 30, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, ndipo safari ya hospitali ianze.

Jiko lililotumika kwa chuma lisirudi kupikiwa, na koleo lake lisigeuzie mahindi. Majivu yake yafukiwe mbali na kisima na mahali kuku wanapochakura.